Jinsi ya Kulitumia Jina la Smith Bila Kumkosea Mwenye Jina

Steshenari yangu iko jirani na Mnazi Mmoja. Kazi yangu ni kuchapa barua, kujaza fomu, kutoa kopi na kunyoosha wasifu wa watu wanaotafuta kazi. Wanaokuja na shida ya Kiingereza ni wengi: kijana anayeomba kazi hotelini, dada wa kazi ambaye bosi wake amerudi kwao Uingereza na anataka kumwandikia shukrani, dereva anayehitaji kibao cha kumpokelea mgeni uwanja wa ndege. Jina la mzungu linaletwa kwenye kipande cha karatasi au limo ndani ya simu, na mara nyingi sana ni Smith. Ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Uingereza, Marekani na Australia. Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 peke yake iliwahesabu akina Smith zaidi ya milioni 2.4. Ukilijua hili moja vizuri, maana yake na namna linavyokaa kinywani na kwenye karatasi, mengine yatakuwa mepesi.

Nilijifunza kwa kukosea. Nilipoanza kazi ya ukatibu muhtasi, bado tunatumia taipureta, nilipewa barua ya kujibu iliyotoka London. Aliyeiandika alikuwa Smith, na jina lake la kwanza lilikuwa John. Nikamchapia "Dear Mr John", nikijua kabisa kwamba nimeweka heshima, maana hapa kwetu ndivyo tunavyoitana: Mwalimu John, Dokta Asha, Mzee Salum. Bosi akasaini, barua ikaenda posta. Jibu lilipokuja, chini ya sahihi mwenyewe alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa, na neno SMITH amelipigia mstari kwa wino. Bosi aliniwekea barua ile mezani, akauonyesha mstari kwa kidole, akaondoka. Nilikaa nao siku nzima bila kuelewa kosa langu ni nini.

Kosa lilikuwa hili. Sisi wa huku tuna majina ya mwisho ya aina mbili na hatuzitofautishi. Chukua mtu wa pwani anayeitwa Juma Hamisi Salum. Hamisi ni baba yake, Salum ni babu yake. Juma akipata binti atamwita Asha Juma Hamisi, na Salum ameshadondoka njiani. Yaani jina la mwisho ni jina la mtu, mtu huyo alikuwepo, alikula, alifariki. Sasa njoo Upareni. Mama yangu ni wa Ugweno, wa ukoo wa Washana. Mtoto wa Mshana ni Mshana, mjukuu ni Mshana, na hakuna babu aliyepewa jina hilo siku ya kuzaliwa kama jina lake mwenyewe. Hilo ni jina la nyumba. Smith ni la aina hii ya pili. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote kwa Mwingereza, jiulize: kati ya majina yake, lipi ni la mtu na lipi ni la nyumba? Heshima ya "Mr" inakaa kwenye jina la nyumba. Mr Smith. Mr John haipo kwao, na mtu mzima akiitwa hivyo atadhani hujui jina lake.

Nimewataja Washana kwa sababu. Washana ndio waliokuwa wahunzi wa Ugweno. Walifua majembe na mikuki, na walishika utawala kabla ya ukoo wa Wasuya kuuchukua. Na Smith maana yake ni hiyo hiyo, mhunzi, mfua chuma. Mpare akiniuliza Smith ni nini humwambia ni Mshana wa Kiingereza, na haniulizi tena. Leo Mshana utamkuta ni mwalimu, ni nesi, ni dereva wa daladala, na hajawahi kuushika mvukuto. Kwa Smith ni vivyo hivyo. Adam Smith, yule Mskochi aliyeandika kitabu cha uchumi mwaka 1776, baba yake alikuwa mtu wa forodha. Nyundo ilikuwa imeshatoka kwenye familia, jina likabaki.

Kama unataka kulishika neno lenyewe, nenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, asubuhi, jua halijawa kali. Mimi nilikwenda kununua jiko la mkaa. Fundi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, fuawe yake ni kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo. Alikata bati la pipa, akaliinamisha juu ya reli, akaanza kulipiga ukingoni taratibu, huku mkono wa kushoto ukilizungusha. Hakupima kwa futi wala kamba. Kila pigo lilisogea upana wa kidole kimoja, na bati likakunjika duara mpaka ncha mbili zikakutana. Yule ni smith, hata kama hakuchoma chuma motoni. Kwa Kiingereza neno hili liliwakusanya wote wanaofanya kazi ya madini kwa nyundo. Wa chuma akaongezewa rangi nyeusi akawa blacksmith, wa bati na kazi nyepesi akawa whitesmith, na sonara akawa goldsmith. Goldsmith nalo ni jina la ukoo hadi leo.

Kwa nini wawe wengi hivyo? Kijiji cha Uingereza kingeweza kukosa mwashi au mfumaji, lakini kisingekosa mhunzi. Plau, misumari, kwato za chuma za farasi, bawaba za milango, vyote vilitoka kwake. Zamani jina moja liliwatosha. Baada ya Wanormandi, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, majina ya pili yakaanza kuenea pole pole, na serikali ilipotaka kodi ya kichwa miaka ya 1377, 1379 na 1381, makarani walihitaji kujua huyu John ni yupi kati ya akina John wa kijiji. Orodha za mwaka 1379 za Yorkshire, jimbo la kaskazini mwa Uingereza, zina watu ambao pembeni ya majina yao imeandikwa kazi. Wazee wetu wanaijua kodi ya kichwa na wanajua karani alivyokuwa akiuliza, wewe nani, wa nani, unafanya nini. Ifikapo karibu mwaka 1400 Waingereza wengi walikuwa na jina linalorithiwa na watoto. Mwaka 1538 makanisa yakaamriwa kuweka daftari la ubatizo, ndoa na mazishi, na hapo jina likaganda kwenye wino.

Majirani zao walifanya vile vile, jambo ambalo linasaidia sana ukiwa na wageni wa mataifa tofauti. Mjerumani Schmidt, Mholanzi Smit, Mfaransa Lefebvre, Mhungari Kovács, Mpolandi Kowalski, Mwarabu Haddad, wote ni wahunzi. Haddad tunaye hapa hapa mjini.

Ukipata jina jingine la Kiingereza na unataka maana yake, liweke kwanza kwenye moja ya mafungu manne. Kuna majina ya kazi, kama Smith. Kuna ya mahali: Hill ni kilima, Wood ni msitu, Ford ni kivuko cha mtoni. Kuna ya baba, na hapo mwisho wake mara nyingi ni "son", yaani mwana: Johnson, Wilson, Richardson. Na kuna ya sifa au ya utani, kama Short, mfupi, na Brown, wa kahawia. Gavana wa mwisho wa Tanganyika, Sir Richard Turnbull, jina lake la ukoo linatokana na kugeuza fahali, jina la kumpa mtu mwenye nguvu. Msukuma angelielewa mara moja.

Fungu la kazi ndilo linalodanganya, kwa sababu kazi nyingine zimekufa na maneno yamebadilika. Taylor ni fundi cherehani, na tahajia ya zamani yenye y imebaki kwenye jina tu. Clark ni karani. Cooper ni mtengeneza mapipa ya mbao, Fletcher ni mtengeneza mishale, Webster ni mfumaji wa kitambaa. Walker watu wengi wananitafsiria "mtembezi". Siyo. Alikuwa mtu wa kukanyaga kanyaga kitambaa cha sufu kwenye maji mpaka kishikamane na kuwa kizito. Kwa hiyo usilitafsiri jina la ukoo kwa kamusi ya Kiingereza cha leo. Tafuta neno lilimaanisha nini miaka 600 iliyopita. Na mtu akikuuzia mtandaoni picha ya ngao, yaani nembo ya familia, ya "ukoo wa Smith", weka pesa yako mfukoni. Uingereza ngao hupewa mtu na kurithiwa na kizazi chake, haigawiwi kwa kila anayebeba jina. Ofisi yao inayosimamia ngao, College of Arms, ipo tangu 1484, na msimamo wake ni huo.

Jambo moja naomba ulichukue kwa uzito. Maana ya neno si historia ya mtu aliye mbele yako. Tommie Smith, Mmarekani mweusi aliyeshinda mbio za mita 200 kule Mexico City mwaka 1968 kwa sekunde 19.83 kisha akainua ngumi jukwaani, hana lazima ya kuwa na babu mhunzi Yorkshire. Michezo ile ile ndiyo mzee wetu John Stephen Akhwari alimaliza marathoni akiwa ameumia goti. Wamarekani weusi wengi walipata majina ya ukoo kupitia utumwa: wengine jina la aliyewamiliki, wengine walilichagua wenyewe walipokuwa huru. Wahamiaji nao walioingia Marekani wakiwa Schmidt au Kovács, baadhi yao waligeuka Smith. Sisi tunaoishi jirani na Bagamoyo tunajua majina yanavyoweza kuvuka bahari kwa njia ya machozi. Ukitaka kuongea na mgeni kuhusu jina lake, mwambie neno linamaanisha nini kwa Kiswahili, halafu muulize yeye kwao wametoka wapi. Usimwambie babu yake alikuwa nani.

Na kwa wazee wa mjini hapa, jina hili lina jeraha. Baba yangu alikuwa akilisikia Smith anazima redio kidogo, anatulia, ndipo anaiwasha tena. Kwake Smith alikuwa Ian Smith wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, aliyejitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, na Desemba ile ile Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu yake. Namwelewa baba. Lakini jina halikufanya lile jambo, mtu ndiye aliyelifanya, na mgeni wako wa leo usimtwike.

Sasa tuje kwenye matumizi, na nitaanza na mdomo. Watu wengi huongeza irabu, wanasema "Simithi", au wanafika mpaka "Simiti", ambayo kwetu ni saruji. Th yake ni ile ya thamani na thelathini, kwa hiyo mtu wa pwani anayo tayari. Sema "thamani", sikia ulimi unavyogusa meno, kisha jaribu kumaliza neno kwenye sauti hiyo bila kufungua mdomo tena. Mwanzoni unganisha s na m bila kupumzika, kama unavyosema "sumaku" haraka mpaka u ya kwanza isisikike. Wapo wanaoandika Smyth au Smythe. Hao waulize wenyewe wanavyotamka, kwa sababu wengine husema "Smaidh", wengine kama Smith ya kawaida, na kila mmoja anajali.

Kwenye barua anza na "Dear Mr Smith". Mwingereza haweki nukta baada ya Mr, Mmarekani anaiweka. Ukimaliza, kama umemtaja jina funga kwa "Yours sincerely". Kama uliandika "Dear Sir" kwa sababu humjui, funga kwa "Yours faithfully". Ukichanganya hizi mbili, mwajiri wa kizamani anaona mara moja. Usiandike "Dear Mr John Smith", chagua Mr Smith. Kama hujui ni mwanaume au mwanamke, hapo ndipo unaandika majina yote bila cheo, tuseme "Dear Alex Smith", na hakuna atakayekasirika.

Kwa mwanamke tumezoea Mama Smith, na ana kwa ana wageni wengi wanaipenda wakishaelewa kwamba ni heshima. Kwenye karatasi usiiandike. Mrs inasema ameolewa, Miss inasema hajaolewa, na wewe hujaambiwa lolote kati ya hayo. Tumia Ms, itamke "miz". Usidhani pia kwamba mke wa Bwana Smith lazima awe Smith. Wengi huchukua jina la mume, wengi hubaki na la kwao. Daktari na profesa hupewa cheo chao mbele ya jina la ukoo: Dr Smith, Professor Smith.

Sir ndiyo inayokwenda kinyume, na hapa hata walimu huteleza. Mtu aliyepewa heshima hiyo na mfalme au malkia huitwa Sir pamoja na jina la kwanza. Turnbull niliyemtaja aliitwa Sir Richard. Sir Turnbull haisemwi. Ile "Sir" tunayomwitia mwalimu darasani ni nyingine, inasimama peke yake.

Kumwita mtu "Smith" tupu ana kwa ana ni ukali, ni kama amri ya jeshini. Utalisikia kwa mtangazaji wa mpira au utalikuta kwenye maandishi ya wasomi, huko ni sawa. Upande wa pili, Waingereza wa siku hizi hufika kwenye jina la kwanza haraka. Kanuni yangu ni kuangalia sahihi. Baruapepe ya kwanza andika Mr Smith. Akijibu na chini amesaini "John", ya pili unaweza kuandika "Dear John". Yule dada wa kazi alishtuka nilipomwambia hivyo, akaona ni kumvunjia bosi heshima. Lakini mwenyewe alikuwa amesaini hivyo, amefungua mlango, na kuendelea kubisha ni kumfanya mgeni.

Mpira umenisaidia kufundisha jambo jingine. Vijana wanaokaa barazani kwangu wanamjua Emile Smith Rowe aliyetoka Arsenal kwenda Fulham. Niliwauliza jina lake la ukoo ni lipi, wote wakasema Rowe, wakidhani Smith ni jina la kati kama la baba. Ni Smith Rowe, maneno mawili, jina moja. Wengine huweka kistari katikati, kama Trent Alexander-Arnold. Ukilikata unamwita mtu nusu.

Ukibaki na shaka, na kama ni kazi ya kiofisi ambapo mtu amekupa kopi ya pasipoti, tazama mistari miwili ya herufi kubwa chini ya ukurasa wenye picha. Juu kuna herufi za nchi, TZA kwetu, GBR kwa Mwingereza. Linalofuata hapo hapo ndilo jina la ukoo, kisha vinakuja vimishale viwili vinavyotazama kushoto, kisha majina mengine. GBRSMITH<<JOHN. Kimishale kimoja katikati ya maneno kinasema bado tupo ndani ya jina lile lile. Na kwenye orodha yoyote ya Kiingereza, ukiona mkato, "Smith, John", jina la ukoo limetangulizwa kwa ajili ya kupanga kwa alfabeti. Nimeona bahasha imeandikwa "Mr Smith John" kwa sababu mtu alinakili orodha bila kuuona mkato.

Familia nzima wao wanasema "the Smiths", sisi tunasema akina Smith, na nafurahi kila mara kwa sababu hapa lugha mbili zinakutana bila taabu. Kwenye kadi ya Krismasi andika "the Smiths", s inashikamana na jina, usiweke apostrofi. Apostrofi ni ya kumiliki, Mr Smith's car. Jina likiishia na s kama Jones, linakuwa "the Joneses".

Wiki iliyopita dereva mmoja alikuja mbio jioni, ndege inashuka usiku, anataka kibao. Alikuwa ameandika "KARIBU MR JOHN". Nikamchapia SMITH kwa herufi za kujaza karatasi ya A4 iliyolazwa, juu yake Mr J, na chini kwa herufi ndogo jina la hoteli. Akaniuliza hoteli ya nini, jina si linatosha? Nikamwambia ni Smith, ndege moja inaweza kumshusha zaidi ya mmoja. Alinipigia simu saa tano usiku. Walikuwa wamekuja wawili mbele ya kibao, wakasoma mstari wa chini, na mmoja akarudi nyuma kumtafuta dereva wake.